Nakuru hadi Ilesi: siku nne na kamba ya Kukhu

Nimerudi Nakuru wiki ya tatu sasa, na ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kupanga picha na kuusoma mwandiko wangu mwenyewe. Nusu ya maelezo haya niliyaandika matatu ikiruka matuta, kwa hiyo mahali pengine nimelazimika kukisia.

Safari ilianza kwa simu ya Senge, dada ya baba. "Jiko la mama tunalibomoa Jumatatu. Mchwa wamelila. Kama kuna kitu unakitaka, njoo ukichukue, kisha usije kusema hukuambiwa." Huyo mama anayemsema ni Kukhu, nyanya yangu, aliyenilea kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, tangu nikiwa na miaka 6 hadi nilipomaliza kidato cha nne, na aliyetuacha 2021. Nilipokuwa mdogo nikija Nakuru likizoni, watoto wa ploti walinicheka sana. "Ati unaishi na kuku?" Kwetu nyanya ni Kukhu. Nilipigana mara mbili kwa sababu ya hiyo kh.

Alhamisi, 15 Agosti 2024: Nakuru hadi Kisumu

Nilifika steji saa moja asubuhi nikijipongeza kwa kuwahi. Tukaondoka saa tatu kasorobo. Matatu ilikuwa na watu wanane waliokaa kama abiria, lakini ilipokaribia kujaa wanne wakashuka, kumbe ni vijana wa steji wanaopamba viti. Anayekwenda huko ajue hivyo: usihesabu vichwa, hesabu mizigo. Nauli ilikuwa 900. Asubuhi hiyo mzee mmoja alilipa 800 kwa kubishana, na mimi sikubishana.

Kwenye begi nilikuwa na mayai sita ya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi. Mimi hula mawili. Mengine ni sheria ya Kukhu: ukipika cha njiani, pika na cha jirani wa kiti. Hakuniambia kamwe kwa nini. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo anayerudi Ahero, na nilipomkunjulia ile karatasi aliniangalia kwanza mimi, kisha mayai, kisha akauliza, "Wewe ni wa wapi?" Nikamwambia. "Aa. Basi sawa." Akachukua mawili.

Baada ya Salgaa gari lilinyamaza, kama linavyonyamaza kila mara pale Sachangwan. Ni hapo, Januari 2009, lori la petroli lilipopinduka, watu wakaja kuchota, likawaka. Walikufa zaidi ya 100. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka 19 ninayetafuta kazi Nakuru, na simu yangu haikuwa na chaji. Kukhu alimtuma mtoto wa jirani apige mara tatu usiku ule, na aliponipata kesho yake hakuuliza kama niko salama. Aliuliza, "Ulikwenda kuchota?" Nikasema sikwenda. Akakata simu.

Mau Summit baridi ilikuwa ya kung'ata. Vaeni sweta hata kama Nakuru kuna jua. Tuliiacha barabara ya Eldoret, tukashuka Londiani hadi Kericho kwenye majani chai, na mvua ya Kericho ikatupokea saa ileile ambayo huwapokea watu wote. Nilipiga picha kumi za mashamba yale, na zote zina kisogo cha konda.

Kabla ya Awasi trekta lilikuwa limemwaga miwa katikati ya lami. Tukasimama saa moja na nusu. Mwanzoni watu walilalamika, kisha wakashuka, kisha kila mmoja akaonekana na kipande cha muwa mdomoni, dereva akiwemo. Mama wa Ahero alipofika kwake alinitolea kilo moja ya mchele wa mashamba ya pale, akaiweka mapajani mwangu bila neno. Nilijaribu kumlipa. "Kwani mayai ulikuwa unauza?"

Kisumu saa kumi jioni, jua kali. Loji karibu na kituo cha basi ilikuwa 1,500 na chandarua kizima. Kagueni chandarua kabla ya kulipa, si baada. Jioni nikapanda boda hadi Dunga, nikala ngege wa kukaanga na ugali kwa 700. Pale unachagua samaki wako mwenyewe akiwa mbichi na kuulizia bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Nilikaa nikiangalia maji yanavyokuwa meusi, nikamfikiria Kukhu akiwa msichana aliyeolewa juzi, ameshuka treni hapa Kisumu.

Reli ilifika Kisumu 1901, na baadaye likatoka tawi la kwenda Butere linalopita Luanda, kwetu Bunyore. Babu alikuwa kibarua wa reli Nakuru, analala kwenye landhi, nyumba za vibarua wa reli. Kukhu alikuwa akimfuata kwa treni, daraja la tatu, na hadithi ya safari hizo aliisimulia kwa namna moja tu, neno kwa neno. Kuku hawakuruhusiwa ndani bila kulipiwa. Yeye alimfunga kuku miguu, akamweka chini ya benchi, akaketi na kushika ncha ya kamba, na kila mkagua tikiti alipopita akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu. "Mpaka Nakuru nilikuwa nimemaliza kitabu kizima."

Ijumaa, 16 Agosti: Kisumu, Maseno, Luanda

Kisumu hadi Luanda ni mwendo mfupi, nauli 200. Maseno unavuka mstari wa ikweta na kuna kibao, lakini matatu haisimami kwa ajili ya jiografia. Konda alinisahau akanipitisha Luanda, nikashushiwa mbele. Kijana wa boda aliyenirudisha alikataa kunitoza nilipotaja boma ninalokwenda. "Pale kwa mama wa vyungu? Mimi nimesoma na wajukuu zake." Nikamwambia mimi ni mmoja wao. Akageuka kuniangalia pikipiki ikiendelea, jambo ambalo siwashauri.

Senge alinipokea na "Mulembe" ndefu, akaniangalia tumbo, akasema Nakuru wananipa chakula. Tukaenda jikoni moja kwa moja.

Jiko la Kukhu ni kijumba cha udongo nyuma ya nyumba ya mabati. Mchwa kweli wamelila, nguzo mbili unaweza kuzitoboa kwa kidole. Ndani ni kweusi kwa masizi ya miaka 50, meusi yanayong'aa kama lami iliyonyeshewa. Mafiga matatu yapo. Kwenye pembe kuna kile chungu chenye vitundu chini, cha kuchujia musherekha. Kwa asiyejua: unachoma maganda makavu ya maharagwe, unayatia majivu yake chunguni, unamimina maji juu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Hiyo ndiyo chumvi ya kulainishia mrenda na kunde. Ile ya kwanza huwa kali, ya mwisho huwa maji tu, na kazi yangu utotoni ilikuwa kukaa pale na kikombe na kusema lini inageuka. Nilichapwa kwa kusinzia. Leo naambiwa ofisini kwamba nina subira ya ajabu na vitabu vya hesabu ambavyo havilingani. Hawajui nilianzia wapi.

Nilikuwa nimejiambia nitachukua chungu hicho. Lakini juu ya mlango, kwenye msumari, ilikuwa bado inaning'inia kamba.

Kukhu hakujua kusoma. Alinunua vyungu Ilesi kwa wafinyanzi, akaviuza soko la Luanda, na madeni yote aliyaweka kwenye kamba za katani, alizozisokota mwenyewe pajani. Kila mtu kamba yake, na kila kamba ina alama kwenye kichwa chake ili ajue ni ya nani: kifungo cha shati, ushanga, unyoya. Fundo dogo ni kumi, fundo lililorudiwa ni mia. Ukilipwa, unafungua. M-Pesa ilipokuja 2007 jirani alimsomea ujumbe wa kwanza kutoka kwa baba, na yeye badala ya kufurahi alisema, "Ngoja," akaenda jikoni. Nilimkuta anafungua mafundo gizani kwa meno.

Mimi hesabu nilizijulia hapo. Mwalimu alipotufundisha kutoa kwa kukopa, nilidhani anasimulia mambo ya nyumbani.

Kamba iliyobaki ilikuwa moja. Kichwani ilikuwa na kigae, kipande cha chungu kilichotobolewa tundu, na chini yake mafundo saba: sita makubwa, moja dogo. Yamekaza, meusi kwa masizi. Nikacheka, nikamwambia Senge, "Kuna mtu alimdhulumu mama 610 na akaponea."

Senge hakucheka. Aliishika, akakipapasa kile kigae.

"Hiyo si ya kudai. Za kudai alizitundika kushoto, hapo kwenye dirisha. Za juu ya mlango ni anazodaiwa, ili azigonge na kichwa kila akitoka."

Miaka yote ile nimepita chini ya mlango huo na sikujua. Kigae, akasema, ni Ilesi, ni yule mfinyanzi rafiki yake. Hizo ni za Desemba 2007, vyungu vya Krismasi. Na hapo akanyamaza kidogo, akachochea moto usiohitaji kuchochewa, kisha akasema, "Ni za cheti chako."

Naeleza kwa ufupi. Nilimaliza mtihani Novemba 2007 na baki la karo, na shule haikutoa cheti mpaka baki lilipwe. Kukhu alichukua vyungu kwa mkopo ili auze msimu wa Krismasi. Aliuza nusu. Baada ya uchaguzi vurugu zikazuka, barabara zikafungwa, soko likafa, na vilivyobaki vilivunjika siku watu walipokimbia. Fedha alizokuwa amepata alitakiwa ampe mfinyanzi. Alizipeleka shuleni. Mimi niliambiwa tu, "Nenda kachukue karatasi yako." Nikaenda nikaichukua, na sikuuliza hata nauli ya kwenda imetoka wapi.

Usiku tulikula ugali, mrenda, na omena. Mchele wa Ahero Senge aliuficha, akisema ni wa wageni.

Jumamosi, 17 Agosti: Luanda, Majengo, Ilesi

Njia: Luanda hadi Majengo kupitia Kima, 150, kisha barabara ya Kakamega kupitia Mbale na Chavakali, 150 nyingine. Gari la kwanza lilikuwa na magunia mawili ya mkaa mahali ambapo miguu yangu ilipaswa kuwa. Mwambieni dereva mapema kwamba mnashuka Ilesi, la sivyo mtajikuta Kakamega mjini. Kule Ilesi liko lile jiwe linalolia, mwamba mrefu kama mtu aliyebeba kichwa, wenye maji yanayochuruzika. Watalii hulipa kuliangalia. Mimi niliokoa hela yangu, nikaulizia wafinyanzi.

Sikuwa na jina, nilikuwa na kigae tu. Mama aliyekuwa akiuza vyungu kando ya lami alikigeuza, akakikwaruza kwa kucha, akakinusa. Nasema alikinusa. "Huyu mkono naujua. Yuko hai. Alihamia kwa binti yake Kitale wakati wa vurugu, akarudi juzi juzi." Juzi juzi, nilikuja kuelewa, ni miaka sita. Akamwita mtu wa boda, akamwamuru anipeleke na anisubiri. Shilingi 70, na kusubiri hakunitoza, maana mfinyanzi ni senge yake. Huku kila mtu ni senge wa mtu.

Nilimkuta kibarazani, miguu imenyooshwa, chungu cha udongo mbichi katikati ya magoti. Hakusimama. Anafinyanga bila gurudumu: anakunja mkanda wa udongo kwa mkono wa kushoto, wa kulia unapanda nao ukuta kwa ndani, kisha kipande cha kibuyu kinalainisha nje. Nilisalimia, nikaeleza mimi ni nani. Aliendelea mzunguko mzima kabla ya kunitazama.

"Wewe ndiye yule mume wake mdogo? Aliyekuwa anaogopa bata?"

Bibi na mjukuu kwetu hutaniana kama mke na mume, kwa hiyo hilo la mume nilikubali. La bata nilikana.

Nikampa kamba. Aliifuta mikono kwanza, akaipitisha vidoleni polepole, mdomo ukihesabu. Akasema kwamba alijua. Kukhu alituma salamu Ilesi mara mbili, na mara zote mbili yeye alikuwa bado Kitale. Aliporudi, aliambiwa miguu ya mwenzake haimbebi tena hadi steji, na ya kwake pia haikuwa ya kutegemewa. "Tulikuwa vikongwe wawili tunadaiana kwa hewani."

Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba, na ndani ya bahasha nilikuwa na 5,000. Nilikuwa nimepiga hesabu ya bei ya vitu tangu 2007, nikaongeza na shukrani. Alifungua bahasha, akatoa noti moja moja.

"Hizi ni za nini?"

"Za deni, mama. Na kidogo cha asante."

"Deni ni mia sita na kumi."

"Naelewa, lakini siku hizi..."

"Mwenye kamba alifunga mafundo mangapi?"

Nikasema saba. Akanirudishia bahasha nzima. Nilitafuta mifukoni nikapata 700. Akazipokea bila aibu yoyote, akazikagua kwenye jua, akamwita mjukuu amletee kibweta, akanipa chenji ya 90: hamsini moja na kumi nne. Wasafiri, bebeni noti ndogo.

Kisha akafungua mafundo. Dogo lilitoka kwa kucha. Makubwa aliyachokonoa kwa mwiba wa kuchorea vyungu, akayapulizia, akavuta. La tano liligoma, akaliweka mdomoni kwenye jino moja la upande, akatikisa kichwa kama mbwa na mfupa, na masizi ya jiko la nyanya yangu yakampaka mdomo. Hakuna aliyezungumza. Boda alikuwa amezima redio ya simu. Fundo la saba lilipokwisha, aliinyoosha kamba kwa mikono miwili. Ilibaki na mikunjo, haikunyooka. Akakichomoa kigae, akakitupa kwenye rundo la vigae vingine nyuma yake, akanirudishia kamba.

"Sasa kunywa chai," akasema, na akarudi kwenye chungu chake kabla udongo haujakauka.

Kurudi Luanda mvua ilitunyeshea kuanzia Mbale, na sina la zaidi kuhusu hilo isipokuwa viatu.

Jumapili, 18 Agosti: kurudi

Jumapili magari ni machache na Senge alikwenda kanisani, nikamsubiri saa mbili nzima. Jiko la Kukhu nililipiga picha ya mwisho kutoka mlangoni, msumari ukiwa mtupu. Chungu cha musherekha niliamua kukiacha. Senge bado anakitumia, na mimi Nakuru nina jiko la gesi na majirani wanaolalamikia moshi wa ubani.

Sikupita Kisumu tena. Nilishika Majengo, Chavakali, Kaimosi, Kapsabet, Eldoret, kisha Nakuru. Ni ndefu kidogo, nauli zote nilitumia kama 1,200, lakini Kapsabet kuna chai ya maziwa mazuri na Timboroa kuna viazi vya bei nafuu kando ya barabara. Chukueni kama mna mahali pa kuviweka.

Mimi sikuwa na mahali. Kabla sijaondoka Senge alitokea nyuma ya nyumba na jogoo mwekundu chini ya kwapa, maana mtu hatoki Bunyore mikono mitupu, na alikuwa akitafuta kitu cha kumfungia miguu. Kamba ilikuwa juu ya begi langu. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaizungusha mara mbili na kukaza fundo.

Nilitaka kumwambia si kamba ya kuku hiyo. Kisha nikamwona Kukhu kwenye benchi la daraja la tatu, nikanyamaza.

Eldoret konda alitaka 100 ya jogoo. Nikamwambia jogoo gani. Akainama kuangalia, jogoo akawa ametulia kabisa kivulini mwa begi, na mimi nimeketi nimenyooka, ncha ya kamba imezungushwa kidoleni, nikianza kuimba kwa sauti ya juu wimbo ambao ubeti wake wa pili siujui.